Mkalimani wa Ofisi ya Ardhi

Karani wa ardhi alishazoea vituko vya mkalimani wake, mama wa makamo aliyezaliwa msituni, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya nyuki. Kila asubuhi mama huyo hukisukuma kiti cha mteja kwa mguu mpaka kigonge meza, halafu huanza kuwatafsiria watu wa msituni kila kitu. Kila kitu! Ukiguna, naye ataguna. Leo bibi mmoja wa msituni alikuja kuandikisha shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, haki aliyopewa na sheria mpya. Shemeji yake aliyekuja naye akamtangulia kukikalia kiti. Karani akamuuliza shemeji, "Bibi anataka nini?" Mkalimani akamtafsiria bibi, kisha akarudi na jibu: "Anasema mdomo anao. Na kiti ni chake." Shemeji akanyanyuka. "Watu wa msituni kwa ubishi!" karani akanong'ona, kisha akauma ulimi, maana mkalimani alishayatafsiri hayo kwa sauti ya kufika barabarani. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Anasema ni kweli kabisa, kwa hiyo usijisumbue kubishana naye, andika." Karani akacheka pia, akashika kalamu, akamtazama bibi mwenyewe. "Jina lako nani, mama?" Swali hilo mkalimani hakulitafsiri. Bibi alishaanza kulitaja jina lake.