Jicho la Tapsabei

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu pande za Kabianga, jicho langu la kushoto halikuhesabiwa kuwa langu. Lilikuwa la Tapsabei, mama yake babu, aliyekufa kabla baba hajazaliwa. Wageni walipofika wakanikuta nimesimama mlangoni, jicho moja likiwatazama wao na jingine likitazama pua, hakuna aliyenionea huruma. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita kogo, aliwaambia kwa fahari, "Huyu ni mama mkwe wangu. Amerudi na jicho lake." Wageni walicheka, kisha wakanisalimu kwa heshima anayopewa mzee. Nami nilinyoosha mkono, mara nyingi ukapita kando ya mkono wa mgeni nikashika hewa.

Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wanawake wazee humpakata na kuita majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo la aliyerudi. Naambiwa mimi niliwachosha. Waliita majina mpaka sauti zikakauka, wakanisogezea ugoro puani, na bado nikawa nawatazama tu. Hatimaye kogo akamtaja mama mkwe wake, nami nikapiga chafya iliyonitikisa mwili mzima. Miezi ilipopita na jicho likaanza kuvutwa upande, hapakuwa na mshtuko nyumbani, kwa sababu Tapsabei naye alikuwa na jicho lililokwenda upande. Kwa watu wengine huo ungekuwa ugonjwa. Kwetu ulikuwa ushahidi.

Sitaki kudanganya, nililelewa kama malkia. Kogo alinipa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, kabla ya wajukuu wengine, na nilipomimina maziwa nje ya kikombe yakatapakaa sakafuni, ndugu zangu walisubiri nichapwe wakasubiri bure. "Mwacheni," kogo alisema. "Mzee mkono wake hutetemeka." Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Kikombe ndicho hakikuwa pale nilipokiona, lakini nani angejua, na mimi mwenyewe nilidhani vikombe vyote duniani vina tabia hiyo.

Mama ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Yeye alizaliwa Sigowet, akaolewa kwetu, na katika mambo ya ukoo wetu neno lake lilikuwa jepesi. Sista wa macho alipokuja shuleni kutupima, nikiwa bado katika madarasa ya mwanzo, alimwita mama akamweleza polepole.

"Mama, hii ya kulia ni mzima. Ile ingine ndio inalala. Tutafunika hii mzima kwa plasta, ndio ile inalala ilazimike kufanya kazi. Lakini ni sasa, akiwa mdogo. Akikua, hiyo jicho itakataa kabisa."

Mama alirudi nami nyumbani nikiwa nimebandikwa plasta kubwa nyeupe juu ya jicho la kulia. Kogo alinitazama, kisha akamgeukia mama.

"Huyo daktari wako ni kipofu? Amefunga mzima akaacha mbaya!"

Mama akaeleza kama alivyoelezwa. Kogo alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyobadilika, kwa sababu maelezo yale yalimtia hofu kuliko kosa alilokuwa amelidhania. Kama jicho langu limefungwa na la Tapsabei limeachwa, basi anayetutazama hapa ndani ni Tapsabei peke yake. Marehemu hualikwa kukaa na mtoto, hapewi nyumba yote.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Dunia ilijaa ukungu hata jua likiwaka. Nilijigonga milangoni, nikaanguka ndani ya mitaro ya shamba la chai, nikalia plasta itolewe. Mama alinifuta machozi na kuibandika upya. "Vumilia kidogo, mama yangu," aliniambia. "Kidogo tu."

Asubuhi moja kogo alinishika mkono tukapita kando ya shamba letu la chai. Akasimama ghafla akaniuliza, "Unaona nini?"

"Naona mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mrefu. Amesimama kwenye chai. Hana uso."

Mama aliniambia baadaye kwamba pale palikuwa na mti wa grevilia uliokatwa matawi, umebaki shina tupu. Mtoto mwenye jicho la ukungu aliona shina akalidhania mtu, basi. Lakini kogo hakuuliza zaidi. Alinitemea mate kidogo kifuani, namna wazee wetu wanavyobariki, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mzito kwake, akatembea haraka hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Nilihisi moyo wake ukipiga. Alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, na mimi nikaanza kuogopa pia, bila kujua ninachoogopa.

Kesho yake nikaamka na homa. Labda ilikuwa malaria, labda baridi ya asubuhi ile, sijui. Kogo alikaa kando ya kitanda changu akasema mbele ya baba, "Mmemwamsha. Mlifikiri mtamfunga mtoto na mzee anyamaze?"

"Mama, ni homa tu," mama alimjibu. "Watoto wa hapa kwetu wote wanapata homa."

"Na yule mtu kwenye chai? Pia ni homa?"

Mama alimgeukia baba. "Baba watoto, sema kitu. Huyu mtoto atakuwa mtu mzima siku moja. Atafanya kazi gani na jicho moja?"

"Tapsabei alikuwa mtu mzima na jicho hilo hilo," kogo akasema. "Alizaa, akalea, akalima."

Baba alitazama mama yake, akatazama mke wake, akatazama mlango. Mwishowe akasema, "Iachwe kwanza. Apone, tutaona." Hiyo *tutaona* ya baba naijua sana. Ndiyo iliyomaliza mambo mengi nyumbani kwetu.

Kogo aliitoa plasta mwenyewe. Aliilowesha kwa maziwa ya vuguvugu, akaivuta taratibu kutoka ukingoni, akipuliza ngozi yangu ili nisisikie uchungu. Sijawahi kushikwa na mikono laini kama ile. Jioni homa ilishuka. Mama alikuwa amenipa dawa kutoka zahanati asubuhi ile ile, lakini nani aliikumbuka dawa? Jicho lilifunguliwa na homa ikaondoka, kila mtu aliona. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja plasta tena, na mama akarudi kuchuma chai.

Nikiwa sekondari ndipo nilipofika kwa daktari wa macho mjini Kericho. Alinipima kwa mashine nyingi, akaniambia jicho lenyewe halina ubaya mkubwa. Ni ubongo ulioacha kulisikiliza tangu utotoni, na sasa haliwezi kufundishwa. Nikamwuliza kama miwani ingesaidia. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama ningekuja zamani ingekuwaje, akaanza kuandika.

Watu husema utazoea. Mimi sijazoea. Dunia kwangu imebandikwa ukutani kama kalenda, na kila siku natakiwa kuchota vitu kutoka kwenye hiyo kalenda. Nikimimina chai, lazima kwanza mdomo wa chupa uguse ukingo wa kikombe, nisikie ule mlio mdogo, ndipo nimwage. Nikishuka ngazi, mguu mmoja hupapasa hewani kutafuta ilipo ngazi inayofuata. Kuvuka barabara ya lami sithubutu peke yangu, kwa sababu lori la majani chai lililo mbali na lililo karibu kwangu hutofautiana kwa ukubwa tu. Nilijaribu kuchuma chai shambani kwetu, vidole vikapita chipukizi vikakamata majani magumu, kikapu kikakataliwa kwenye kituo cha kununulia mbele ya majirani. Nilipata kazi ya hoteli mjini, nikammwagia mteja supu ya moto mapajani, nikaondoka kabla sijafukuzwa. Binti yangu amejifunza, bila kufundishwa na mtu, kuficha mikono nyuma ya mgongo kila ninapokaribia meza na kitu cha moto. Nikimwona akifanya hivyo natamani kuketi chini nisiinuke. Mchana kutwa napapasa huku nikijifanya sipapasi, na nimechoka kwa uchovu ambao usingizi hauondoi.

Miaka ya karibuni kogo naye alipoteza macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika yote mawili, tukamwongoza kwa mkono hata kwenda chooni. Mwaka jana tukasikia kwamba madaktari wanafanya upasuaji, tukamuuliza kwa woga kama atakubali. Alikubali hata kabla hatujamaliza kuuliza. Alirudi nyumbani akiwa anaona mpaka mistari ya viganja vyake, akicheka peke yake.

Nilipokwenda kumwona, alikuwa ameketi jikoni na mama, ambaye alikuwa akichambua maharagwe. Kogo alinishika kidevu akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Haiya! Hii jicho imeenda upande namna hii tangu lini?"

"Tangu utotoni, kogo."

"Na mama yako hakukupeleka hospitali?" Alishangaa kweli, hakuwa na hila; uzee ulikuwa umemsahaulisha Tapsabei na plasta. "Siku hizi wanatengeneza. Angalia yangu."

Vidole vya mama vilisimama ndani ya ungo. Nilimngojea aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na miaka yote hiyo alikuwa ameitunza hiyo haki kimya kimya. Akainama akaendelea kuchambua.

"Tulichelewa, kogo," nikasema mimi.

"Mlichelewa," akarudia kwa masikitiko, akanipangusa shavu kwa kidole gumba. "Pole, mtoto wangu. Watu wengine hawajui."

Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa. Hasira inahitaji mtu mbaya, na katika nyumba yetu sikumpata. Mama alijitahidi, baba aliogopa kumvunjia mama yake heshima, na kogo alinipenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipenda. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilifikiria jambo hili. Kama angenipenda kidogo tu, angeniacha nilie na plasta yangu, na leo ningekuwa naona.