Misa ya Mume wa Shangazi

Vita vilipofunga seminari, nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja wa filosofia Butembo. Nilienda kukaa Beni kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye aliacha ukatoliki alipoolewa na Mprotestanti. Mume wake alikuwa ameenda Kasindi na lori la kahawa. Miezi mitano ilipita bila habari. Kila jioni shangazi aliweka sahani ya mume wake mezani, akaifunika. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyefanya ishara ya msalaba, naye akaniita nusu-padiri.

Asubuhi moja, akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliuliza:

“Nusu-padiri, kwenu munaombeaka bafu, batu benye balikufa?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Kwetu hapana. Mutu akikufa, iko mu mukono ya Mungu, basi. Sasa huyu wangu, kama alikufa, nani anamuombea?”

Ningekaa naye tu. Badala yake nililichukua swali lile kama zoezi la darasani. Tulifundishwa kwamba teolojia huanzia kwa kile Mungu alichosema, na filosofia kwa kile akili inachoweza kuona. Nikatumia akili. Kama yuko hai, kanisa zima la shangazi linamwombea. Kama amekufa, hakuna hata mmoja. Basi upungufu uko upande wa wafu.

Bila kumwambia, nilienda parokiani. Katekista alifungua daftari la nia za misa, wanamoandikwa wanaoombewa.

“Mugonjwa, musafiri, ao marehemu?”

“Marehemu,” nikasema.

Jumapili jina la mume wa shangazi lilisomwa pamoja na marehemu mbele ya watu wote. Nilifurahi. Baada ya misa nilibaki kuongea kidogo na wanakwaya, na nilipofika nyumbani, wamama Wakatoliki wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kujaa uani na kuni, maharagwe na mikeka, kama inavyofanywa kwenye matanga. Mmoja alikuwa akilia kwa sauti. Shangazi alisimama mlangoni, ametoka kanisani kwake, Biblia bado mkononi.

“Nani alileta habari?” akaniuliza.

“Hakuna habari, shangazi. Nilifikiri tu.”

“Ulifikiri! Mimi niliuliza. Sikusema alikufa.”

Wamama walikunja mikeka bila kuangaliana. Kuni waliziacha.

Alasiri wazee wa kanisa lake walikuja. Mkubwa wao alisema, “Mama, tunasikia mu nyumba yako kuliombwa misa ya bafu. Ni nani aliomba?”

Nilifungua kinywa. Shangazi akanitangulia: “Ni mimi.”

Tangu siku ile, kanisani hakuna aliyekaa benchi moja naye.

Jioni ile aliweka sahani, akaifunika, tukakaa wawili mbele ya chakula.

“Omba,” akasema. “Lakini omba kama vile iko mu njia.”

Nikamwombea msafiri. Hakuniita tena nusu-padiri.