Fonction Niliyoandika Kwa Wivu

Musinicheke sana, ni wivu ulinipeleka. Hapa Butembo tunafundisha kompyuta kutofautisha kakao nzuri na ya kuoza. Tangu Masika aanze kazi mu bureau yetu, patron, mukubwa wetu, anamusifu yeye tu, na mimi roho inaniuma.

Asubuhi programu ikakataa: fonction, kipande ya programu ya kupunguza tensor za picha, zile namba kompyuta inasoma picha nazo, imepewa argument tatu za kutumia, yenyewe inataka mbili. Nikasimama mbele ya bote.

«Patron, ni Masika! Hajue hata kuita fonction ya bibliothèque, yenye ilishaandikwa tayari!»

Masika akasoma message ya erreur yote, ile inaonyesha kosa iko wapi, polepole. «Yaya Kambale,» akaniambia kwa heshima, «hii hapana ya bibliothèque. Kuko mutu aliandika yake, akaipa jina ile ile, ikafunika ya kweli.»

«Nani?» patron akauliza.

Jina ya fichier yenye fonction iliandikwamo ilikuwa pale kwenye écran ya kompyuta, bote bakaisoma: Kambale_anapita_Masika.