Miraba Mitano ya Radhi

Shoga yangu, wewe nakuandikia kwa sababu najua hutonicheka. Mwengine atasema huyu mama kachezea jambo lisilochezewa, na kweli nalilichezea.

Kusoma nalijifunza ukubwani, darasa la jioni hapa Wete. Mwalimu alituonesha mafumbo ya miraba, kila mraba herufi moja. Mimi na mwanangu wa kwanza yakatushika kama homa. Niko jikoni nakuna nazi, namtegea: "Bahari, malizia kwa mwanzo wa adui!"

"Baharia! Mama nawe, hilo la watoto."

Baba yao akafariki, nikakaa eda. Arobaini haijafika, kijana kaingia kazi melini, kaondoka bila ya kuniaga. Nalikasirika, we! Na mtu wa eda hatoki, siwezi kumfuata bandarini.

Baada ya mwezi jirani yetu, mchuuzi wa vitambaa, akarudi kutoka Tanga, alikokutana na mwanangu, na karatasi. Miraba mitano mitupu, chini yake hati ya mwanangu: "Mwanzo wa radi, mwisho wa hadhi. Nijazie, mama, nasafiri mbali."

Nikalijua pale pale. RA ya radi, DHI ya hadhi. Alikuwa anaomba radhi yangu, na kuitamka kaona haya.

Nikachukua kalamu, nikajaza KEMEO. Herufi tano, zikakaa sawasawa.

Mdogo wangu alikuwa kaketi pembeni anasuka ukili wa mkeka. "Dada, mpe mtoto radhi yake!"

"Akome kwanza. Akija mwenyewe nitampa."

"Na asipokuja?"

"Atakwenda wapi?"

Jirani akaipeleka safari iliyofuata. Aliporudi alinieleza nyuma ya pazia: "Kaisoma, kaikunja, kaitia mfukoni. Kesho yake kapanda meli ya Ulaya."

Eda imekwisha zamani. Meli ikitia nanga nakwenda kuwauliza mabaharia, hamna anayemjua. Barua haijaja hata moja. Shehe kaniambia, "Ukishasamehe moyoni, Mungu kasikia." Naamini. Lakini mwanangu hajasikia, anatembea na kemeo langu mfukoni.

Basi naandika wazi, bila ya miraba: mwanangu, niko radhi nawe, duniani na akhera. Wewe uliyesoma, msomee mwenzio, naye amsomee wake, hasa mwenye ndugu melini. Pengine itamfika.