Mwanafunzi wa Dobi

Mchungaji alipoingia katika chumba cha dobi hakuwa na nguo mkononi, na hilo peke yake lilitosha kumtia dobi huyo mzee wasiwasi.

"Nimekuletea mwanafunzi," alisema mchungaji, akiketi juu ya tenga la mashuka.

"Wa kufua?"

"Wa kumfuata Kristo."

Dobi aliangua kicheko hadi akalazimika kuiweka pasi kando. "Mchungaji, umepotea njia! Wasomi wako wamejaa safu ya mbele. Mimi mahubiri yenyewe nikifika nyumbani nusu nimeshayamwaga njiani."

"Nusu?" mkewe alidakia kutoka uani, alikokuwa akianika. "Hufika na amina tu, huyo!"

Mchungaji alicheka nao, lakini hakuinuka. Katika usharika wao, aliyetaka kulelewa katika imani hakupelekwa darasani. Aliwekwa kando ya muumini mmoja katika kazi yake ya kila siku, amtazame anavyosema na watu, anavyosali, anavyokasirika na anavyoshuka kutoka katika hasira yake. Muda ukitimia, husimama kuongoza sala mbele ya wote, na wazee wa kanisa huamua: ama yuko tayari kumwita mwenzake na kumlea vivyo hivyo, ama aanze upya kwa mlezi mwingine.

"Bwana mwenyewe aliwaita watu wakiwa na nyavu mikononi," mchungaji alisema. "Hakuwajengea darasa. Walifuatana naye wakaona anavyochoka na anavyojibu matusi. Wewe umeitwa. Usiniulize mimi kwa nini."

Basi dobi akakubali, ingawa moyoni alijiwekea shauri: kama wazee watamnyang'anya mwanafunzi huyo, atajua kwamba aliyeitwa ni jirani yake, na mlango uliogongwa haukuwa wenyewe.

Mwanafunzi alikuwa mnadi wa sokoni, mtu wa makamo aliyeamini karibuni, ambaye wote walimwita Kipaza kwa sababu ya koo lake. Alikuja alasiri, soko likishapoa, akaketi karibu na meza ya kupigia pasi na kukodoa macho kama mtoto aliyeletwa sarakasini.

Alichokiona ni hiki. Kila nguo iliyotandazwa pale mezani ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na lake lililomsumbua. Hivyo dobi hakupiga pasi bila kusali. "Ee Bwana, mkumbuke mwenye shati hili. Kola ilikuja imelowa jasho la mtu asiyelala. Mpe utulivu." Kisha blauzi, kisha suruali ya mhunzi, kila moja na ombi lake. Lakini pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, kongwe na yenye hasira za ghafla. Kwa hiyo katikati ya sala mzee hunyamaza, akainua kidevu, akanusa mara mbili. Asiposikia harufu ya kuungua, huendelea pale alipoachia. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, na sasa hakujua tena kwamba anafanya.

Siku moja alikuwa na mafua, na sketi ya mwalimu wa shule ikaungua pindoni. Dobi alinawa mikono, akaichukua sketi, akaenda nayo kwa mwenyewe, Kipaza akimfuata nyuma. Mwalimu alifoka kweli kweli. Mzee alisimama akayapokea yote, akaomba radhi, akaahidi kulipa.

"Mwalimu wangu," Kipaza alimwambia njiani, "si ungeikunja tu, doa likae ndani?"

"Ningeikunja. Halafu kesho ningemwombea kwa mdomo gani?"



Jumapili ya kuongoza sala ikafika. Dobi aliketi akisokota kofia magotini. Kipaza alisimama, akaanza kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, akawataja wagonjwa, akawataja wachuuzi wenzake, hata wale aliogombana nao. Kanisa likatulia. Ndipo akanyamaza ghafla, akainua kidevu, akanusa mara mbili.

Akaendelea. Baada ya kitambo akanusa tena. Mzee mmoja wa kanisa aliinama kuchungulia chini ya mabenchi. Mama wa kwaya alikagua waya za taa. Dobi naye alinusa, akashangaa ni nini kinachoungua, mpaka mkewe alipomfinya.

"Ni wewe huyo."

"Mimi?"

"Wewe hasa!"

Dobi akaifunika pua yake kwa kofia.

Ibada ilipokwisha, wazee na mchungaji walikutana katika chumba cha nyuma, wakamwita Kipaza na dobi. "Ndugu yetu," mmoja alimwuliza Kipaza, "huko kunusa kuna maana gani?"

"Ni kumsikiliza Roho," Kipaza alijibu kifua mbele. "Nimefundishwa na mwalimu wangu."

Macho yote yakamgeukia dobi. Angeweza kutikisa kichwa kukubali tu, na mwanafunzi wake angebaki. Akasimama.

"Wazee wangu, huyo si Roho. Ni pasi." Akawaeleza yote. "Nimemfundisha nisichokijua. Mkiona vema apewe mtu mwingine, sitanung'unika."

Vicheko vilivyolipuka humo viliwafanya watu wa nje wagonge mlango kuuliza kuna nini. Kipaza peke yake hakucheka; alikuwa akifikiri.

"Kwa hiyo pua haimo?"

"Haimo, mwanangu."

"Na kumwombea mtu aliyekutukana?"

"Hiyo imo."

"Na kwenda kusema kosa lako kabla hujakamatwa?"

"Imo, kabisa."

Kipaza akashusha pumzi. "Aa, basi hasara yangu ndogo."

Mchungaji alijifuta machozi ya kicheko, akawatazama wenzake. Wote wakatikisa vichwa kukubali. "Kipaza, nenda kamwite mwenzako. Nawe, mzee wangu, jiandae. Nakuletea mwingine."

Dobi alitoka nje akiwa mwepesi kama shuka lililokauka juani. Walipokuwa njiani na mkewe, alimgeukia.

"Mama watoto, hebu niambie kweli. Ninayo mengine kama hilo la pua?"

"Mengine? Mume wangu, njia hii haitoshi."

"Basi tuzungukie kule kwenye njia ndefu," mzee alisema, akimshika mkono. "Haya, anza."