Mume Wangu Aliyekwama Ng'ambo ya Ruvuma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyopanda kwa mjomba wangu mlimani kumwomba anilelee mtoto kwa siku chache, nikashuka nimesemwa mpaka masikio yanawaka. Nimeikumbuka tangu jana ulipokuja hapa na yule kijana wako kutoka Malawi unayesoma naye chuoni, mkakaa kwenye mkeka wangu mnachekacheka, ukasema, "Bibi, tukishaoana mambo ya karatasi yatajipanga yenyewe." Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na mgeni. Leo uko peke yako, kwa hiyo kaa unisikilize, na hiyo simu iweke mbali kidogo.

Babu yako Anselmo hukumkuta. Unamjua kwa picha ile ukutani, na kwa kabati hili alilolitengeneza mwenyewe. Alizaliwa Msumbiji, akavuka kuja kwetu akiwa kijana wakati kwao wanapigana na Wareno. Serikali ilimpa karatasi ya ukimbizi, ikamwambia awe anaripoti ofisini mjini Morogoro. Alikata mkonge mpaka mikono ikakakamaa, kisha akajifunza useremala. Mimi nilimwona sokoni Mkuyuni. Nilikuwa nauza mananasi, naye alikuwa na tabia ya kulichagua nanasi moja kwa muda ambao mtu mwingine angenunua ng'ombe. Baadaye nilitambua kwamba mananasi hata hayapendi.

Sisi Waluguru, unajua mwenyewe, ukoo ni wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Kwa hiyo Anselmo hakupeleka posa kwa baba yangu, aliipeleka kwa Mjomba Kobelo. Mjomba alikuwa mkubwa wa ukoo, mtu mfupi, mpole, asiyependa kurudia maneno. Alimhoji Anselmo asubuhi nzima, akaridhika. Wazee wakakutanishwa, pombe ya mtama ikanywewa, kuku akachinjwa, na Mjomba akasema mbele ya wote, "Kijana huyu hana kwao tena. Tangu leo kwao ni hapa. Ni wetu." Akaonyeshwa pa kujenga na pa kulima. Kanisani tulisema tutakwenda baadaye, mambo yakitulia. Unajua vijana wanavyosema.

Basi hapo ndipo sote tulipopotea, na tulipotea kwa furaha kabisa. Mkubwa wa ukoo akishasema mtu ni wetu, nani wa kubisha? Tulipohamia kwenye kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi alimwandika Anselmo kama alivyomwandika kila mtu. Alipalilia shamba la kijiji, alichonga milango ya ghala, aliimba kwenye mikutano kuliko wenyeji. Ile karatasi ya ukimbizi akaitia chini ya sanduku, na kuripoti mjini akaacha. Nilipomuuliza alicheka. "Mimi Mluguru sasa. Mluguru anaripoti kwa nani?" Nami nikacheka naye, maana sikuona kosa lolote.

Mama yako mkubwa, Felista, alikuwa ameanza kukimbia uani zilipokuja habari kwamba mama yake Anselmo ni mgonjwa sana. Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru, njia ziko wazi, watu wanarudi kwao kwa nyimbo. Anselmo hakuwa amemwona mama yake tangu ujanani. Nimwambie nini? Nilimfungia muhogo wa kukaanga na chumvi, nikamwambia amsalimie mkwe wangu. Alikwenda Dar es Salaam, akashuka Mtwara, akavuka mto Ruvuma bila kuulizwa kitu na mtu. Alimkuta mama yake yuko hai, wakakaa pamoja wiki kadhaa, na alipofariki alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akageuza kurudi nyumbani, na nyumbani ni kwangu.

Mtoni safari hii alikuta askari wa mpakani. Wakamwomba pasi ya kusafiria. Hana. Wakamuuliza ni raia wa wapi, akasema Tanzania, mke wake yuko Mkuyuni na mjomba wa mke wake amempokea mbele ya wazee. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimweleza kwamba alikuwa mkimbizi, na mkimbizi akisharudi kwao kwa hiari yake, nchi yake ikiwa huru na salama, ukimbizi wake umekwisha. Sasa ni raia wa Msumbiji kama raia wengine, na akitaka kuingia Tanzania aje na pasi na kibali. Wakamrudisha ng'ambo.

Habari hizo aliniletea dereva wa lori aliyekuwa akibeba korosho kutoka kusini. Jina lake Shomari, nyumba yake iko Mikese pale barabarani. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alinionea huruma kweli. Akasema, "Shemeji, usilie. Kuna vivuko ambavyo hata askari hawavijui. Namtia katikati ya magunia, nakuletea mpaka Mikese. Wewe njoo umpokee tu." Mwanangu, nililala usingizi mzuri siku hiyo. Nilikuwa nimemkosa mume wangu, nilikuwa na umri wa kuamini kwamba tatizo ni kumfikisha tu.

Ndipo nikapanda kwa Mjomba, nimembeba Felista mgongoni, kumwomba akae naye niende Mikese. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza mpango wote kwa fahari, nikingoja anisifu.

Alimaliza kumenya ndizi moja, kisha akauliza, "Akishafika atakaa wapi?"

"Kwangu, Mjomba. Kwani atakaa wapi?"

"Na watu wa ofisini wakija kijijini kuuliza wageni?"

"Atajificha."

"Leo atajificha. Na mwakani? Na siku atakapougua, utampeleka hospitali akiwa na jina gani? Huyu mtoto akiulizwa shuleni baba yako yuko wapi, atajibu nini?"

Aliweka kisu chini. Mjomba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha, lakini ningeona nafuu kama angefoka.

"Unataka kumleta mume au unataka kumleta mfungwa? Alitoka hapa mchana, watu wanamwona, anaagana na kila mtu. Unataka arudi kama mwizi wa kuku, aishi nyuma ya mlango wako mpaka azeeke? Na huyu mtoto umfundishe kudanganya kabla hajajua kuhesabu? Nimekulea mimi, sikukulea hivyo."

Nililia. Felista naye akalia kwa kuwa mama yake analia. Mjomba akatungoja tunyamaze, akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mkubwa wa ukoo. "Mimi ndiye niliyemwambia ni wetu. Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Sikujua kwamba kuna kingine ambacho si changu kukitoa. Mwambie dereva asifanye kitu. Sisi tunashuka mjini."

Tulishuka. Mjomba alivaa koti lake la misiba na sherehe. Pale ofisi ya uhamiaji tulimkuta kijana mmoja, kwa lafudhi nilijua ametoka kanda ya ziwa. Alisimama akasema, "Shikamoo mzee," akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "ukoo wako unaweza kumpa mtu mke, shamba na nyumba. Uraia unatoka serikalini. Huyu bwana kuoa Mtanzania hakumfanyi Mtanzania. Angekuwa mwanamke wa nje ameolewa na mwanamume wa hapa, sheria inamruhusu kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume aliyeoa hapa hana njia hiyo. Aanze na kibali cha kuishi, aishi kwa miaka inayotakiwa, kisha aombe uraia kama mgeni mwingine yeyote."

Hapo moto ukanishika. "Kwa hiyo kaka yangu akioa Msumbiji anarudi na mkewe wanamfungulia njia, mimi nikiolewa na wa huko nabaki kuchungulia dirishani?"

Mjomba alikohoa ili ninyamaze. Yule kijana akatazama meza yake. "Mama, sikuitunga mimi," akasema taratibu. Na kweli hakuitunga yeye. Lakini kunikera ilinikera, na mpaka leo nikiifikiria inanikera.

Kisha akauliza ndoa yetu imeandikishwa wapi. Hatukuandikisha. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa? Ana kadi ya kliniki. Mjomba akasema kwa utulivu kwamba mtoto ni wa ukoo wetu hata asipoandikwa popote. "Ni kweli, mzee," kijana akajibu, "na kwa kuwa amezaliwa hapa, na mama yake ni wa hapa, ni Mtanzania. Lakini mwandikisheni. Siku moja atasimama mahali ambapo hakuna anayekujua wewe."

Mjomba alirudia maneno hayo njiani mara nyingi. Tuliandikisha ndoa ya kimila, yeye na wazee wawili wakiwa mashahidi. Tulimkatia Felista cheti. Kijiji kikaomba rasmi kwamba kinamhitaji fundi seremala wa kutengeneza madawati. Huko kwao Anselmo akahangaikia pasi. Vuli ikapita, masika ikapita, na nyingine tena. Nililima peke yangu, nilimlea mtoto peke yangu, wanawake wenzangu wakaanza kunitazama kama mjane. Kuna siku nilimchukia Mjomba, nakuambia ukweli. Nilijisemea kwamba Shomari angeshaniletea mume wangu zamani.

Akaja. Akaja kwa basi, jua la saa sita, soko limejaa. Na unajua alifanya nini? Hakuja kwangu kwanza! Alikwenda kwa balozi, akaweka pasi na kibali mezani, akasema, "Nimerudi, niandike." Mimi nimesimama na kikapu cha mananasi namtazama anapita. Nilimnunia mpaka jioni. Lakini nilipomwona anatembea katikati ya watu, kichwa juu, anaitwa huku na huku kwa jina lake, hasira yangu kwa Mjomba iliondoka, na nilikwenda mwenyewe kumshukuru.

Anselmo aliishi kwa kibali miaka mingi, akikihuisha kila kilipokaribia kwisha. Mjomba alipofariki ndiye aliyechonga jeneza. Baadaye kabisa, Felista ameshakuwa mkubwa, akaomba uraia. Walimchunguza, walitangaza jina lake gazetini ili mwenye pingamizi aseme, na mwisho wakamwita kuapa. Lakini sharti lilikuwa moja: nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ilibidi aukane wa Msumbiji. Alitia saini, akainua mkono, akaapa kwa sauti safi, watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele.

Nje nikamkuta amekaa kwenye ngazi, amefunika uso. Nilidhani ni furaha. Akaniambia, "Leo mama yangu amezikwa ugenini."

Miaka yote ile tulikuwa tukimwambia kwamba hana kwao tena, tukidhani ni maneno ya mapenzi. Alikuwa na kwao siku zote. Alikubali kupaacha kwa ajili yangu, na mimi ndiyo kwanza siku ile nikajua uzito wake.

Kwa hiyo, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Usiniambie tena kwamba karatasi zitajipanga zenyewe. Mpende kijana wako, lakini kabla ya harusi nendeni wote wawili uhamiaji, hapa na kwao, mkaulize kwa vinywa vyenu, maana sheria hubadilika na haya ya kwangu ni ya zamani. Msimtume mtu wa vichochoroni awasaidie. Andikisheni ndoa yenu, na mtoto akizaliwa mkatieni cheti akiwa bado mchanga. Huyo mtoto atakuwa na nchi mbili kwa muda, na akifikia utu uzima nchi yetu itamtaka achague, kwa hiyo mzoesheni zote mbili ili asichague gizani. Hata mkikwama, asivuke mtu mpaka kwa kujificha. Ngojeni. Nimengoja mimi, sikufa. Na siku mmoja wenu atakapotakiwa kuiacha nchi yake, mwenzake asipige vigelegele kabla hajamtazama usoni.

Mungu akupe nyumba ambayo mumeo atatoka na kuingia mchana kweupe. Akupe watoto wanaoulizwa baba yao yuko wapi wakajibu bila kusita. Na wewe, kokote mtakakoishi, huku au kule kwao, akupe watu watakaofurahi kukuona unarudi.