Msafara Uliopita Chini ya Popo

Gerishon ni bawabu wa usiku Kitisuru, Nairobi, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mchana hulala chumbani kwake mtaa wa Satellite, au hujaribu, maana upande mmoja amepakana na fundi wa kuchomea mageti, wa pili na kanisa lenye spika nne. Kwa hiyo Mbarak, muuza vitambaa wa mjini ambaye Gerishon aliwahi kumlindia duka, alipomwalika Pemba kwenye harusi ya mwanawe Sadiq, Gerishon aliomba likizo kwa nia moja tu: kulala.

Walipanda basi mpaka Tanga, kisha boti. Asubuhi ya harusi alitoka kunyoosha miguu, akakuta nyuma ya kijiji miti mikubwa imejaa popo wekundu, kila mmoja ukubwa wa kuku, wananing'inia kichwa chini wamejifunika mbawa.

"Mchana kutwa wako hivyo," Bi Safa, shangazi yake Mbarak, akamwambia. "Riziki yao huitafuta usiku."

Gerishon alivua kofia. "Kumbe hii ni watu ya shifti ya usiku, mama!"

Akabaki pale akiwalinda. Mbuzi aliyepita akilia alifukuzwa.

Saa nne msafara wa bwana harusi ukaja, zumari mbele, ngoma nyuma. Njia ya kwenda kwa kina Laila, bibi harusi, inapita chini ya miti ile ile. Gerishon akasimama katikati, mkono juu, kama anazuia gari getini.

"Niaje, wazee. Hapa watu wamelala."

"Watu gani?" Mbarak akauliza.

Gerishon akaonyesha juu.

Mbarak alimjua. Siku moja Gerishon alimzuia yeye mwenyewe kuingia dukani mwake kwa kukosa kitambulisho. "Tupite kimya," akasema, "la sivyo tutakesha hapa."

Wakanyata. Ngoma zilifungwa taulo, mpiga zumari akaikumbatia zumari yake kama mtoto mchanga, na akina mama wakapiga vigelegele bila sauti, ulimi tu ukicheza. Popo mmoja alimkojolea Sadiq kwenye joho. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Huko kwa kina Laila walisubiri ngoma, wasiisikie. Mjomba wa bibi harusi akaamua kwamba bwana harusi ametoroka. Akatoka na wazee wanane wenye bakora, wakaukuta msafara chini ya miti. Gerishon akaweka kidole mdomoni.

"Mmetuaibisha!" mjomba akanong'ona.

"Wallahi tulikuwa njiani," Mbarak naye akanong'ona.

"Ngoma iko wapi?"

"Imo kwenye taulo."

Wakagombana hivyo robo saa, mishipa ya shingo imewatoka, mate yanaruka. Waliopiga kelele ni popo, wakizozana matawini kama wako sokoni. Bi Safa alijua kwamba popo hao hawajawahi kunyamaza mchana hata siku moja, lakini hakuna aliyemuuliza.

Walipofika, shehe akamuuliza Sadiq kama amekubali. Sadiq akanong'ona. Akaambiwa arudie, akanong'ona tena. Mjomba akamzaba kofi la mgongo, na "Nimekubali!" ikasikika hadi jikoni, ambako wapishi walikuwa wameshaanza kula pilau.